Jina la Tumboni

Kwa wiki tatu nzima Nari hakuwa na mazungumzo mengine ila jina la biashara. Alikuwa ameacha kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto wachanga, akasoma kozi, akapata cheti cha kushauri wazazi juu ya usingizi wa watoto, akakodi chumba ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Kilichobaki kilikuwa jina tu. Kila alilolipata alimtumia dada yake kwa simu, na dada yake, Boram, ambaye pamoja na mumewe walikuwa na karakana ya mabango katika mtaa wa wachapaji mjini Daegu, alimjibu bila kumbembeleza.

"Mto Laini," aliandika Nari.

"Watakuja kununua mito."

"Kondoo Mia."

"Watauliza nyama kilo ngapi."

"Usiku wa Amani, je?"

"Hilo lipeleke kwa wanaozika watu."

Nari alikwenda hata kwa mpanga majina, yule anayehesabu michoro ya kila herufi na kutazama saa uliyozaliwa, akarudi na jina ambalo eti lingevuta heri kutoka upande wa maji. Boram alimwambia hilo ni zuri kwa duka la samaki. Kisha akamkumbusha lile ambalo yeye huwaambia wateja wote: "Bango lako atalisoma mama ambaye hajalala siku nne. Yuko ng'ambo ya barabara, mtoto analia kifuani. Asipolisoma kwa kutupa jicho mara moja, umempoteza. Tafuta jina fupi, linaloingia sikioni lenyewe."

Wiki ya nne majina yakakatika. Boram alipouliza, Nari alijibu kwamba ameshapata, na kwamba dada ataliona siku yake. Boram akacheka peke yake. Alidhani anaandaliwa jambo la kumfurahisha.

Jumanne ile Taesik, mume wa Boram, alitoka mapema kwenda kufunga bango la daktari wa meno. Boram alibaki kukata herufi za mkahawa wa tambi. Alipowasha mashine ya kukata aliona faili moja katika foleni limeandikwa "Duka la maua". Akasimama. Yeye ndiye anayepokea oda, na hapakuwa na duka la maua mwezi huo wala mwezi uliopita. Akalifungua.

Lilikuwa neno moja, silabi mbili: Saegeun. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ushauri wa Usingizi wa Watoto. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mlazo: Alale kama Saegeun.

Boram alilisoma mara moja tu, kwa kutupa jicho, kama mwenyewe alivyofundisha. Kisha akakalia ndoo ya gundi.

Saegeun-saegeun, ndivyo Wakorea wanavyoiga pumzi za mtoto aliyelala vizuri, na ni neno la kila mtu. Lakini miaka saba nyuma lilikuwa jina la mtu mmoja. Boram alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kila alipokwenda kupimwa, mtoto kwenye kioo alikuwa amelala. Daktari alimtikisa Boram tumbo, akamwambia ageuke, akamnywesha maji ya matunda, mtoto hajali. Nari, aliyemsindikiza, alisema, "Huyu ni Saegeun tu," wakacheka wote, na jina likashika. Huko kila mzazi humpa mtoto jina la tumboni la kumwitia mpaka azaliwe apewe jina lenyewe. Taesik kila akitoka kazini alipiga magoti mbele ya tumbo la mkewe na kusema, "Saegeun, baba amerudi." Mwezi wa nane wa mimba mtoto akalala, na safari ile daktari hakuweza kumwamsha.

Alikuwa msichana. Hakuandikwa popote, kwa sababu asiyevuta pumzi haingizwi katika daftari la familia. Jina lenyewe hakuwahi kulipata. Alibaki na lile la tumboni, na lile lilibaki katika vinywa vya watu wachache, ambao kwa miaka saba hakuna aliyelitamka.

Boram aliinuka akaingia stoo. Hakuwa na haja ya kutafuta sana. Anamjua mumewe anaficha wapi vitu. Nyuma ya mabamba ya plastiki, zimefungwa kwa kitambaa, alizikuta herufi zimeshakatwa. Zilikuwa nyeupe, nene, kingo zake zimepigwa msasa kwa mkono mpaka zimekuwa laini kama sabuni. Kazi kama ile Taesik hamfanyii mteja yeyote.

Akazibeba mpaka katikati ya karakana, akaziweka sakafuni, akachukua nyundo.

Taesik aliporudi, ngazi ingali begani, alimkuta mkewe amesimama juu ya vipande.

"Duka la maua," alisema Boram.

Taesik aliteremsha ngazi polepole. Alitazama chini, akaona kipande hiki na kile, na uso wake ukabadilika.

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri nikwambie."

"Wakati mzuri ni upi? Siku ya ufunguzi? Nikiwa nimeshika sahani ya keki?"

"Nari aliniomba nisiseme mpaka—"

"Nari aliniomba. Wewe ni mume wa Nari?"

"Boram."

"Nijibu. Alipokuja hapa akakutajia hilo jina, ulisemaje? Ulimpa kiti? Ulimuuliza anataka taa za ndani au za nyuma?"

Taesik alichuchumaa akaanza kuokota vipande. Aliokota kimoja, akakifuta vumbi na kidole gumba.

"Kazi yangu ni kuandika majina," alisema mwishowe. "Nimeandika ya madaktari, ya wauza kuku, ya makanisa. Miaka ishirini. La mtoto wangu sijawahi. Hana kaburi, hana karatasi. Nari alipokuja nalo, nikajua si sawa. Nikajua utaumia. Lakini nikataka nilikate mara moja. Ndiyo hivyo."

Boram alihisi hasira yake inatafuta pa kukanyaga. Angalikuwa ametetea biashara, angalimjibu. Alitazama nyundo mkononi mwake kama imewekwa na mtu mwingine.

"Ungelikata, ukalileta nyumbani, tukalitazama wawili," alisema. "Ulikuwa unalikata likatundikwe juu ya duka la dawa. Usiniguse. Nipe ufunguo wa gari."

Aliendesha lile gari la mzigo lenye ngazi juu kama mtu anayekwenda kuzima moto. Ilikuwa Machi, vumbi la manjano la jangwani limeufunika mji, watu wamevaa barakoa. Alipanda ngazi za juu ya duka la dawa, akavua viatu mlangoni kwa mazoea tu, na hata hilo likamuudhi, kwamba anaingia kugombana akiwa na soksi.

Nari alikuwa amepiga magoti sakafuni akipanga vitanda viwili vidogo vya maonyesho, na mdoli ndani ya kimoja. Alipomwona dada yake alisimama, na kabla hajasema neno alikuwa ameshaelewa.

"Shemeji amekwambia."

"Mashine imeniambia. Shemeji yako ni mwoga kama wewe."

"Kaa kwanza, dada. Nikupe chai."

"Sikai. Ulinitumia majina wiki tatu. Nikakaa nakujibu kama mpumbavu, kondoo, mito, samaki. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikuwa nimefikiria hilo wakati ule. Nakuapia. Yote uliyakataa, na kweli yalikuwa mabaya. Halafu siku moja nikasikiliza ulichosema. Fupi, linaloingia sikioni. Nikaliona hilo hapo hapo, nikalia."

"Ulilia. Halafu ukalipeleka kwa fundi."

"Lilikuwa langu pia. Mimi ndiye niliyempa."

"Ulimpa yeye," alisema Boram. "Ukishampa mtu kitu, si chako tena. Humrudii kumnyang'anya ukakitundike dukani."

Nari alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya wauguzi, ile isiyopanda. Lakini sasa ilipanda. "Miaka saba, dada, hakuna anayeruhusiwa kulitaja. Mama hataji. Shemeji hataji. Mimi nikiwa wodini nikiona mtoto wa mwezi wa nane nakwenda chooni kulia, nikirudi nyumbani siwezi kukwambia. Nikasema basi, angalau litajwe. Watu walitaje kila siku kwa jambo jema, watoto walale, mama zao wapumzike. Kuna ubaya gani?"

"Nitakwambia ubaya. Mama mmoja hataridhika. Ataandika kwenye mtandao: Saegeun hafai kitu. Saegeun ni wizi mtupu. Msimwamini Saegeun. Nitakuwa nasoma hayo nikila chakula cha mchana. Ulifikiria?"

Nari aligeuka akamnyoosha mdoli kitandani.

"Na umeshalipeleka kusajiliwa?"

"Maombi nimepeleka. Wiki iliyopita."

Boram akacheka, kicheko kikavu kilichomkwaruza koo. "Mimi nilikwenda ofisi ya wilaya na maziwa yananidondoka, nikaambiwa pole mama, huyu hatuna mahali pa kumwandika. Leo umewapelekea wewe, wamekupigia muhuri. Kumbe alitakiwa awe na biashara."

"Dada, tafadhali."

"Na hayo maneno ya chini. Alale kama Saegeun. Hayo aliyatunga nani?"

"Mimi."

"Unajua Saegeun alilalaje, wewe Nari? Unajua vizuri kabisa. Wazazi wanakuja hapa hawajafumba macho kwa hofu mtoto asije akaacha kupumua, nawe unawaambia alale kama Saegeun. Ni laana hiyo. Hata adui yangu nisingemwombea."

Hapo Nari alikaa kwenye sakafu. Alijifunika uso, na maneno yalitoka kati ya vidole.

"Sikuona hivyo. Mimi nilimwona, dada. Wewe hukumwona. Nilimpokea mimi, nikamwosha, nikamfunga. Alikuwa kama amelala. Sijaona mtoto aliyelala vizuri kama yule, na nimeona maelfu. Nikisema kulala, ni uso wake ninaouona. Ndiyo maana niliandika hivyo."

Chini, kengele ya mlango wa duka la dawa ililia, mtu akaingia, mlango ukafungwa.

Boram hakuwa amewahi kuambiwa hayo. Siku ile walimfunika macho kwa maneno matamu: usimtazame, utamkumbuka maisha yako yote, bora usione, jikaze, wewe bado kijana. Mama yake alisema hivyo, muuguzi mkuu alisema hivyo, na yeye, nguvu zimemwisha, akakubali akageukia ukutani. Nari alimpikia supu ya mwani, kama anavyopikiwa mwanamke aliyezaa, akaila akilia bila mtoto pembeni. Kwa miaka saba alikuwa akijitungia uso. Kila siku alijitungia mwingine.

"Una uso wake," alisema taratibu, na upole huo ulikuwa na hasira kuliko kelele zote za mwanzo. "Umekaa nao miaka saba. Tumekula pamoja sikukuu zote, tumelala chumba kimoja kwa Mama, hukuniambia hata kope zake zilivyokuwa. Sasa umefungua duka, umeamua wa kwanza kuambiwa wawe wapita njia."

"Tuliambiwa tusikwambie. Mama alisema ukijua utavunjika."

"Nimevunjika nini sasa? Nitazame."

Simu ya ofisi ililia. Ilikuwa mpya, ingali na karatasi ya plastiki kwenye kioo. Ililia mara tatu, nne. Nari aliitazama bila kuigusa.

"Pokea," alisema Boram.

"Hatujafungua bado."

"Wamekupigia. Pokea, useme jina. Nataka nisikie linavyosemwa."

Nari aliinuka, akapokea. "Habari za mchana, hapa ni..." Akakwama. Alimeza mate, akajaribu tena. "Hapa ni..." Midomo ilifunguka ikafungwa. Boram alikuwa amesimama mkono mmoja kwenye kitanda cha mdoli, hamwondolei macho. "Samahani sana, mama," alisema Nari. "Mimi naitwa Bae Nari. Ni mshauri wa usingizi wa watoto. Nikusaidie nini?"

Upande wa pili mwanamke alikuwa akizungumza mbio na kulia. Nari alivuta daftari. Aliuliza mtoto ana miezi mingapi, anaamka mara ngapi, ananyonyeshwa saa ngapi, anayemlaza ni nani. Sauti yake ilishuka kidogo kidogo ikarudi ile ya wodini. Alimwambia yule mama amlaze chali, aondoe blanketi nene na wanasesere kitandani, azime taa, kisha akamwambia na yeye mwenyewe ale kitu kwanza, chochote, hata wali baridi. Boram alisikiliza. Mdogo wake alikuwa anaijua kazi yake. Hilo halikumpunguzia hasira, ila lilimwondolea neno moja alilokuwa amelitayarisha, kwamba huu wote ni utapeli.

Nari aliweka simu chini.

"Umeona?" alisema Boram. "Hukulihitaji. Andika jina lako. Bae Nari, usingizi wa watoto. Ukisifiwa, sifa zako. Ukitukanwa, utukanwe wewe, una ngozi ya kuvumilia. Yeye hana."

"Jina langu halina mvuto."

"Halina. Utalifanyia kazi mpaka liwe nao, kama watu wote."

Nari alipangusa macho kwa kiganja. "Maombi nitayafuta kesho asubuhi."

"Leo. Ofisi hazijafungwa."

"Leo."

Boram alikwenda mlangoni, akaingiza mguu katika kiatu kimoja, akabaki hivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje. Alizungumza akiutazama mlango.

"Alikuwaje?"

"Nywele nyingi. Nyeusi, zimemfika shingoni nyuma. Sikio la kulia lilikuwa limejikunja juu, kama la shemeji. Vidole virefu. Kidevu kilikuwa chako, dada, kile chako cha ubishi."

Boram alitikisa kichwa mara kadhaa kama anayepokea oda na kuihakiki. Akavaa kiatu cha pili, akashuka ngazi. Ndani ya gari alikaa bila kuwasha injini, vumbi la manjano likitulia juu ya kioo, akalia kwa hasira, akipiga usukani kwa ngumi, mpaka mwenye duka la dawa akatoka kuangalia kuna nini. Akampungia mkono kwamba hakuna kitu, akaondoka.

Alipofika karakana Taesik alikuwa amevipanga vipande juu ya meza, anajaribu kuona kama vinaungika. Boram alimwambia habari za sikio. Taesik alikaa chini, akaomba arudiwe, na Boram akamrudia neno kwa neno, nywele, vidole, kidevu. Kisha akamwambia, "Bado sijakusamehe. Usidhani hii ni suluhu. Nimekwambia kwa sababu una haki ya kujua, basi."

"Najua," alisema Taesik.

Siku iliyofuata walimaliza bango la mkahawa wa tambi bila kuzungumza zaidi ya vipimo. Nari alituma picha ya karatasi ya kufuta maombi, ina muhuri wa tarehe ya jana. Boram aliitazama, hakujibu. Oda mpya ilikuja kwa njia ya kawaida, katika daftari la oda, mahali ambapo kila mtu angeiona: Bae Nari, Ushauri wa Usingizi wa Watoto. Taesik alikata herufi, akaenda kuzifunga mwenyewe. Boram alipita pale Ijumaa akipeleka mzigo kwingine, akaona silabi za jina zimebanana, akampigia mumewe hapo hapo amwambie arudi akazirekebishe, kwa sababu kutoka ng'ambo ya barabara hazisomeki.

Siku ya ufunguzi hakwenda. Saa sita mchana Mama alimpigia simu, na nyuma ya sauti yake zilisikika sahani na watu wakicheka.

"We Boram, mdogo wako amefungua kazi, wewe uko wapi? Watu wanaulizia dada mtu. Amesimama mlangoni kama yatima. Hizi hasira zako zitakwisha lini?"

"Mama, sogea pembeni kidogo, pasipo na watu."

"Nisogee niende wapi? Kuna nini?"

"Sogea tu."

Boram alisubiri. Kelele zilipungua, mlango ukafungwa.

"Siku ile hospitalini," alisema, "nani aliamua nisimwone mtoto wangu?"

Boram alisikia pumzi za Mama. Hakumsaidia kwa neno lolote. Alikuwa na mkasi mkononi, akauweka juu ya meza.

"Ni mimi," alisema Mama mwishowe. "Nari alitaka akuletee. Alikuwa amemshika mlangoni tayari. Mimi ndiye niliyemzuia. Mwanangu, nilidhani nakuokoa."

"Hukuniokoa."

"Naanza kujua."

"Jumapili nakuja kwako," alisema Boram. "Taesik nitakuja naye. Mwambie Nari naye awepo. Atatueleza yote aliyoyaona, tangu mwanzo, na wewe utakaa hapo hapo usikilize. Hakuna mtu kuinuka kwenda jikoni."

"Sawa," alisema Mama. "Nipike nini?"

"Usipike," alisema Boram, akakata simu, akarudi kwenye mashine.